Ukoo Mmoja, Madaktari Wanne

Wapo akina mama wanaoficha ugonjwa mpaka unawashinda, kwa sababu tu hawataki kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume. Sisi wauguzi tunawafahamu. Mama anafika kliniki, anaulizwa kinachomsumbua, anajibu kwamba ni kichwa. Daktari akitoka chumbani, anamvuta muuguzi karibu na kumnong'oneza jambo lenyewe. Siku hizi, tunamshukuru Mungu, mama huyo anaweza kumkuta daktari mwanamke na akasema yote. Lakini je, umewahi kujiuliza wanawake hao waliingiaje katika kazi hii?

Katikati ya miaka ya 1840, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, mama mmoja aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa kike alimwambia binti aliyekuja kumjulia hali kwamba, lau angalitibiwa na mwanamke mwenzake, sehemu mbaya kabisa ya mateso yake ingalimwepuka. Akamuuliza kwa nini yeye, mwenye afya na apendaye kusoma, asisomee udaktari. Binti yule alishtuka. Habari za mwili na magonjwa zilikuwa zikimchukiza, hata kitabu cha uganga hakutaka kukitazama. Hata hivyo neno lile halikumtoka.

Binti huyo aliitwa Elizabeth Blackwell. Mwaka 1849 akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupewa shahada ya udaktari na chuo. Vitabu vingi hukomea hapo: jina moja, mwaka mmoja, picha moja. Lakini barua za nyumba aliyotoka zinaeleza zaidi. Ukoo ule ulitoa madaktari wanne wa kike: Elizabeth, mdogo wake Emily, na mabinti wawili wa kaka yao, Edith na Ethel. Nyuma yao alikuwapo mama mjane, kaka waliosimama na dada zao, mawifi hodari, na mtoto yatima aliyeitumikia nyumba kwa miaka mingi bila jina lake kutajwa. Mwanamke huyo wa kwanza hakufika alikofika peke yake. Sisi tunaolea mabinti tuna la kujifunza hapo.

MEZA ISIYOTIWA SUKARI

Samuel Blackwell alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari katika mji wa bandari wa Bristol, Uingereza. Yeye na mkewe Hannah walikuwa Wakristo wa makanisa huru, yaani yale yasiyokuwa chini ya kanisa la serikali. Mungu aliwajalia kukuza watoto tisa, mabinti watano na wana wanne. Elizabeth alizaliwa tarehe 3 Februari 1821, na Emily mwaka 1826.

Baba huyo alikuwa na msimamo ambao majirani wengi hawakuwa nao. Aliona kwamba binti ana akili kama mvulana, basi afundishwe masomo yaleyale. Akawatafutia walimu. Mabinti wa Blackwell wakakua wakisoma, wakijadiliana mezani, na wakisikilizwa wanapotoa maoni yao.

Mwaka 1832 familia ilihamia New York. Huko wakajiunga na watu waliopinga utumwa. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wa baba, kwa maana sukari iliyowalisha ilitoka katika miwa iliyolimwa na watumwa. Alijaribu kutengeneza sukari kwa kiazi sukari, zao lisilohitaji jasho la mtumwa. Watoto nao, kwa hiari yao, wakaacha kula sukari. Mtoto anayejifunza mapema kwamba imani hugusa hata kikombe cha chai, akikua haogopi kuwa peke yake katika jambo la haki.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1838 walihamia Cincinnati kutafuta maisha, na majuma machache tu baada ya kufika, baba akafariki. Akiba ilikuwa karibu hakuna. Hannah alibaki na watoto tisa katika mji wa ugeni. Walifanya nini? Mama na mabinti wake wakubwa watatu, Anna, Marian na Elizabeth, walifungua shule nyumbani mwao wakawa walimu. Elizabeth alikuwa na miaka 17. Elimu ambayo majirani wangeiona ni anasa kwa mtoto wa kike ndiyo iliyowapatia mkate.

KURA ILIYOPIGWA KWA MZAHA

Elizabeth alipokwisha kukata shauri, hakuwa na fedha. Akaenda kufundisha katika majimbo ya kusini, akiweka akiba. Alichagua mahali kwa busara: huko Asheville alikaa kwa mchungaji aliyewahi kuwa daktari, na huko Charleston kwa ndugu wa mchungaji huyo, ambaye naye alikuwa daktari. Mchana alifundisha, usiku alisoma vitabu vyao. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba usiku mmoja wa mashaka makubwa aliomba apewe hakika, na tangu saa ile hakuyumba tena juu ya wito wake.

Mwaka 1847 akaanza kuomba nafasi vyuoni. Zaidi ya vyuo 20 vilimkataa. Wako waliomshauri avae nguo za kiume aende kusoma Paris. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kufika kwa kujificha.

Chuo kidogo cha Geneva, katika jimbo la New York, kiliona haya kumkataa moja kwa moja. Walimu wakawaachia wanafunzi, wote wanaume, wapige kura, wakitumaini kwamba wao ndio watakaokataa. Wanafunzi waliona ni mzaha, wakakubali kwa sauti moja. Siku chache baadaye akaingia darasani mwanamke wa kweli, amevaa kwa heshima, akakaa na kufungua daftari lake. Darasa lililozoea kelele likanyamaza.

Waliomtesa zaidi mjini humo hawakuwa wanafunzi. Wanawake wenzake walimpisha njiani na kumkodolea macho, wakidhani ama ni mtu mbaya ama ana wazimu. Hili linapaswa kutugusa, akina mama. Mara ngapi binti anayefanya jambo jipya huumizwa kwanza na ndimi zetu sisi, kabla hajakutana na kizuizi cha mwanamume yeyote?

Tarehe 23 Januari 1849 alipewa shahada yake kanisani. Kaka yake Henry alikuwapo, akawaandikia ndugu habari zote. Wanawake wa mji walijaa kanisani kumtazama. Alipopokea cheti alimjibu mkuu wa chuo kwamba, kwa msaada wa Aliye Juu, atajitahidi maisha yake yote kukiletea cheti kile heshima.

JICHO LA KUSHOTO

Hospitali za Marekani hazikumfungulia mlango. Akaenda Paris, katika hospitali kubwa ya uzazi iitwayo La Maternité. Humo udaktari wake haukutambuliwa. Akakubali kulala bwenini na wasichana waliokuwa wakijifunza ukunga na kufanya zamu kama wao. Alitaka ujuzi, na cheo aliweza kukingoja.

Tarehe 4 Novemba 1849 alikuwa akisafisha macho ya mtoto mchanga mwenye usaha. Maji yakamrukia jichoni. Ugonjwa ukamshika kwa ukali, akalala siku nyingi haoni kabisa. Jicho la kulia likapona. La kushoto likaharibika, na mwaka uliofuata likaondolewa. Alikuwa ametamani kuwa mpasuaji. Ndoto hiyo ikafa hapo.

Niruhusu nitie neno la kazi yangu. Usaha wa macho kwa mtoto mchanga mara nyingi hutokana na kisonono au maambukizo mengine ya mama, ambayo mtoto huyapata anapopita katika njia ya uzazi. Ndiyo maana mtoto akizaliwa hospitalini tunampaka dawa ya macho mara moja, hata kama mama anaonekana mzima. Usiikatae dawa hiyo wala usione umetukanwa. Na ukiona macho ya kichanga wako yamevimba na kutoa usaha, usijaribu maziwa ya titi wala maji ya majani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ugonjwa uliomnyang'anya Elizabeth jicho leo unazuilika kwa kidonge kidogo cha mafuta ya dawa.

MDOGO WAKE EMILY

Ukiuliza watu habari za Emily Blackwell, wengi hawamjui. Na hapa ndipo barua za ukoo zinapotusaidia kuona haki.

Emily alimfuata dada yake katika njia ileile. Naye alifundisha shule kwanza ili apate ada. Naye alikataliwa na vyuo vingi, kikiwamo kile cha Geneva kilichomkubali Elizabeth. Yaani mlango uliofunguliwa mara moja kwa mzaha ulikwisha kufungwa. Mwaka 1852 chuo cha Rush huko Chicago kilimpokea, naye akasoma mwaka mmoja. Kisha chama cha madaktari wa jimbo la Illinois kikakikemea chuo kwa kumpokea mwanamke, na chuo kikamkatalia asirudi. Fikiria, mama: mtoto wako amemaliza mwaka, amefaulu, ada imelipwa, halafu anaambiwa basi. Emily akaanza upya kutafuta. Alipata nafasi Cleveland, akahitimu mwaka 1854, akaenda Edinburgh kujiendeleza kwa James Young Simpson, bingwa wa mambo ya uzazi aliyeanzisha matumizi ya klorofomu kwa wanawake wanaojifungua.

Alirudi akiwa mpasuaji hodari. Ile kazi ambayo dada yake aliikosa kwa sababu ya jicho, yeye aliishika.

HOSPITALI YA MTAA WA BLEECKER

Wakati huo Elizabeth alikuwa New York akihangaika. Wenye nyumba walikataa kumpangisha, kwani katika mji ule maneno "daktari wa kike" yalitumiwa kwa wanawake waliotoa mimba kwa siri. Mwaka 1853 alifungua chumba cha kutibia maskini. Mwaka uliofuata alimpokea mkunga kutoka Berlin, Marie Zakrzewska, ambaye hakujua Kiingereza na alikuwa akijipatia riziki kwa kazi za mikono. Alimfundisha lugha na kumsaidia kupata nafasi katika chuo cha Cleveland, na mkunga yule akawa daktari.

Tarehe 12 Mei 1857 wanawake hao watatu, Elizabeth, Emily na Marie, walifungua hospitali ya wanawake na watoto maskini katika mtaa wa Bleecker. Walikuwa wameonywa kila aina ya maonyo: hakuna atakayewapangisha nyumba, vyeti vya kifo wakivitia sahihi havitakubaliwa, hawataweza kuwatawala wagonjwa. Wakafungua hivyohivyo.

Muda si mrefu mgonjwa mmoja akafariki baada ya kujifungua. Umati ukajaa mlangoni na majembe na sululu, wakipiga kelele kwamba madaktari wanawake wanaua watu. Aliyewatuliza alikuwa kibarua wa mtaa huohuo, aliyewahi kuona mkewe akitibiwa humo vizuri. Aliwaambia kwamba madaktari wale walifanya walivyoweza, na kwamba hakuna daktari awezaye kumzuia kila mtu asife. Huduma njema aliyotendewa mke wa maskini ndiyo iliyoiokoa hospitali siku ile.

Mwezi Julai 1863 mji wa New York uliingia katika ghasia, na watu weusi wakawindwa barabarani na kuuawa. Humo hospitalini wagonjwa weupe kadhaa walitaka wenzao weusi watolewe. Hawakutolewa. Watoto waliokataa sukari ya utumwa walikuwa wamekua.

Hospitali ile pia ilituma mtu nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama usafi na malezi ya watoto wachanga. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Rebecca Cole, aliyehitimu mwaka 1867, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kabisa kuwa madaktari nchini Marekani. Unapomwona leo mhudumu wa afya akipita kijijini kwako na begi lake begani, kumbuka kwamba kazi hiyo ina historia ndefu.

Mwaka 1868 dada hao walifungua chuo cha udaktari cha wanawake kando ya hospitali. Walikifanya kigumu kwa makusudi: mtihani wa kuingia, na masomo ya miaka mitatu wakati vyuo vingi vya wanaume vilitosheka na muda mfupi zaidi. Hawakutaka mtu aseme kwamba mwanamke alipewa cheti kwa huruma.

Mwaka uliofuata Elizabeth alihamia Uingereza. Huko akawa miongoni mwa walioshiriki kuanzisha chuo cha udaktari cha wanawake cha London mwaka 1874. Je, huko New York aliachiwa nani kazi? Emily. Kwa miaka 30 alifundisha, alipasua, alitafuta fedha, alilipa mishahara, alisikiliza malalamiko ya wanafunzi. Barua zake zinaonyesha kwamba vilikuwapo vipindi vya uchovu na mashaka makubwa. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1899 chuo kikuu cha Cornell kilipokubali kufundisha wanawake udaktari pamoja na wanaume, Emily alikifunga chuo chake, kwa sababu kilichotafutwa kilikuwa kimepatikana. Kilikuwa kimetoa madaktari wanawake 364.

Dada hao walifariki mwaka mmoja, 1910. Elizabeth alitangulia tarehe 31 Mei, Emily akafuata mwezi Septemba. Mmoja alifungua mlango, na mwingine akausimamia usifungwe tena. Katika familia zetu pia wako Emily wengi: yule aliyebaki kumwuguza mama, aliyelipa ada za wadogo zake, aliyeendesha duka baada ya mwenye jina kuondoka. Tumewahi kuwashukuru?

MAWIFI NA WATOTO WA KAKA

Kaka wa Blackwell nao hawakusimama nje. Henry alimwoa Lucy Stone, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, mwaka 1855. Samuel mdogo alimwoa Antoinette Brown mwaka 1856. Antoinette alikuwa amewekewa mikono ya uchungaji mwaka 1853 katika kanisa moja dogo huko South Butler, jimbo la New York, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwekwa wakfu kwa kazi hiyo nchini Marekani.

Antoinette na Samuel walikuza mabinti watano. Wawili kati yao, Edith na Ethel, wakawa madaktari. Hebu tazama tofauti. Shangazi zao waliomba vyuo vingi na kufukuzwa mlangoni. Wao walikua wakiona shangazi akirudi kutoka hospitalini jioni, amechoka, kama vile mtoto mwingine amwonavyo baba akirudi kazini. Kwao, daktari mwanamke lilikuwa jambo la kawaida la nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki safari hii ilichelewa. Josephine Nambooze wa Uganda, mwanamke wa kwanza wa eneo letu kuhitimu udaktari, alimaliza Makerere mwaka 1959, miaka 110 baada ya Elizabeth. Leo madaktari wanawake tunao wilayani na mikoani, na kwa watoto wetu wadogo jambo hili si ajabu tena.

MTOTO ALIYEITWA KITTY

Sasa nafika kwenye sehemu iliyo ngumu. Mwaka 1854 Elizabeth alimchukua kutoka katika makao ya yatima msichana wa Kiayalandi wa umri wa miaka saba hivi, Katharine Barry, aliyeitwa Kitty. Alimchukua kwa upweke, na pia kwa kutumaini kumfundisha kazi za nyumbani. Kitty alimpenda sana. Alimwita "Daktari" maisha yake yote. Siku moja, akiwa bado mdogo, alisikia bwana mmoja akiitwa daktari, akashangaa kwamba mwanamume naye huitwa hivyo!

Kisa hicho hutuchekesha. Lakini tuulize: Kitty alikuwa binti au mtumishi? Barua zinaonyesha alikuwa vyote viwili. Alisomeshwa na kutunzwa, akasafiri na Elizabeth mpaka Uingereza, akaandika barua zake, akatunza nyumba, akamwuguza uzeeni. Hakuolewa, wala hakupata kazi iliyokuwa yake mwenyewe. Mwanamke aliyewapigania mabinti wa watu wengine wasome udaktari alikuwa na binti mmoja nyumbani ambaye maisha yake yalizunguka mahitaji ya mwenye nyumba.

Sisemi haya ili kumhukumu marehemu. Elizabeth alikuwa mtu, na hata katika uganga hakuwa sahihi siku zote. Uzeeni aliitilia shaka elimu mpya ya vijidudu na chanjo ambazo leo zinaokoa watoto wetu. Nasema kwa sababu nyumba zetu zina akina Kitty wengi. Mtoto wa marehemu dada, msichana tuliyemchukua kijijini aje "asome na kusaidia kazi". Tunasema ni kama mtoto wetu. Basi tumpime kwa mambo madogo. Nani huamka wa kwanza? Nani hula mwisho? Madaftari ya nani huguswa saa nne za usiku, baada ya vyombo kuoshwa? Ada ikipungua, jina la nani huondolewa kwanza?

TUMEJUAJE HAYA YOTE?

Tumeyajua kwa sababu familia ile iliandika na haikutupa. Ndugu walitawanyika New York, Cincinnati, Paris na London, nao wakaandikiana kila mara: habari za mitihani, madeni, magonjwa, hata ugomvi wao. Dada waliandika kumbukumbu za kila siku. Elizabeth alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1895. Alice, binti wa Henry na Lucy, alihifadhi makaratasi mengi mpaka uzee wake. Leo makaratasi hayo yamo katika maktaba ya Schlesinger ya chuo kikuu cha Harvard na katika maktaba ya Bunge la Marekani huko Washington, na kurasa nyingi zinasomeka kwenye intaneti. Mwandishi Janice Nimura aliyapekua akaandika kitabu juu ya Elizabeth na Emily pamoja, kilichotoka mwaka 2021.

Bila barua hizo Emily angebaki mstari mmoja chini ya jina la dada yake, na Kitty asingekuwapo kabisa.

DAFTARI LA NYUMBANI KWAKO

Katika koo zetu pia wako wanawake wa kwanza: bibi aliyekuwa mkunga wa kijiji kizima, shangazi aliyekuwa wa kwanza kuvaa sare ya muuguzi, mama aliyeuza vitumbua mpaka binti akafika chuo. Wengi wao wanaondoka bila hata mwaka wa kuzaliwa kuandikwa. Unaweza kuanza mwezi huu kwa njia hizi:

1. Nunua daftari gumu moja. Andika majina ya wanawake wa ukoo, vizazi vitatu, upande wako na upande wa mume. Andika majina yao wenyewe, kwani "mama fulani" halitoshi.

2. Wazee wakikosa mwaka, uliza tukio. Ilikuwa kabla ya njaa ipi? Kabla ya uhuru au baada? Nzige walikuwa wamekuja? Mwaka utapatikana.

3. Tazama cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, cheti cha shule. Mpigie magoti karani wa parokia au usharika. Vitabu vya zamani vina mengi.

4. Nyuma ya kila picha ya zamani andika kwa penseli waliomo. Ujumbe wa simu unaougusa moyo, unakili daftarini, maana simu huibwa na kuharibika.

5. Uliza pia nani alilipa, nani alibaki nyumbani kupika, nani alikatishwa masomo ili mwingine asome. Andika na hayo.

6. Jambo la aibu au la siri la mtu aliye hai, mwombe ruhusa kwanza. Akikataa, liache.

Kisha, jioni moja, wasomee watoto. Wasomee mabinti na wana pamoja, na yule msichana anayewasaidia kazi naye aitwe akae mkekani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
– Ni nani "Emily" wa familia yako, na unaweza kumshukuru kwa njia gani akiwa bado hai?
– Binti yako huona wanawake wa kazi gani wakiingia nyumbani mwenu?
– Mtoto wa kulea aliye nyumbani kwako atakuwa nani baada ya miaka kumi? Umemwuliza yeye mwenyewe?